Waweru wa Makochi na Jina la Mkwe Wake

Ukitaka kujua mambo ya watu, usiwaulize. Pasua kochi lao. Mimi na Waweru tumefanya kazi pamoja hapa Kiganjo miaka kumi na mmoja, mimi nikiunda fremu za mbao, yeye akivalisha kitambaa, na nakuambia hakuna padri wala daktari aliyeona ya watu kama sisi. Chini ya sponji tumetoa vijiko, meno ya bandia, barua za mapenzi, rimoti zilizotafutwa mpaka zikanunuliwa nyingine, na mara moja cheti cha ndoa. Mimi husoma kila kitu. Waweru hasomi. Yeye hupangusa vumbi, hutia kwenye kopo la rangi lililooshwa, na siku ya kurudisha kochi humkabidhi mwenyewe bila kumtazama usoni. Ndiyo maana wateja wanampenda, na mimi wananivumilia.

Kwa hiyo asubuhi moja mwaka jana, nilipomwona ameketi kwenye mkono wa kochi la mteja wa Membley, sindano mdomoni, akisoma karatasi aliyoitoa humo ndani, nilijua kuna jambo. Aliisoma, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Huyu ni mtu anayepima kitambaa mara tatu kabla ya kukikata, na bado humwomba Mungu kidogo.

"Bara," akaniita. Mimi ni Barasa, lakini yeye huona jina hilo ni refu. "Kuja usome hii. Nataka kujua kama ni macho yangu."

Nilifika kabla hajamaliza kusema. Ilikuwa kadi ya kliniki moja ya Ruiru. Mwenye kadi, bwana mmoja aitwaye Mwendwa, alikuwa amefanyiwa vasektomi, yaani kufungwa uzazi kwa mwanamume, akatakiwa arudi baada ya miezi mitatu na mbegu zake zipimwe, na hadi siku hiyo aendelee kujikinga, maana mke angali anaweza kupata mimba.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kwetu Bungoma mwanamume huonja kisu cha tohara mara moja tu, alfajiri, amesimama wima, kijiji kizima kikimtazama kama atapepesa jicho. Sasa mtu aende kisu cha pili kwa hiari yake, tena amelala chali, tena hakuna hata anayempigia kengele za jando? Niliyemjua mimi wa kukatwa kwa namna hiyo ni fahali, naye baada ya hapo huvuta jembe tu.

Waweru hakucheka. Aliitoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye ukosi wa shati.

"Unafikiria inauma?" akauliza.

Nikaacha kucheka, kwa sababu nilijua anamfikiria Mama Karanja.

Mama Karanja ni mkewe, Wangeci. Wana watoto watatu: Karanja mwenyewe, wa miaka tisa, Cindy, wa sita, na Nyokabi, ambaye wakati huo hakuwa ametimiza miwili. Alipozaliwa huyo Nyokabi, presha ya mama yake ilipanda mpaka akashikwa na degedege kitandani, na kwa siku tatu hakumtambua mtu. Waweru alikaa nje ya wodi siku zote tatu. Nilikuwa nikimpelekea uji, naye ananirudishia kikombe kikiwa kimejaa. Daktari akawaambia waziwazi kwamba mimba nyingine inaweza kumuua.

Baada ya hapo ikawa ni kuhangaika. Sindano ya kupanga uzazi ilimvuruga mwili mwaka mzima. Kijiti cha mkononi kikamletea kuumwa na kichwa hata asiweze kusimama jikoni. Kumfunga yeye, madaktari walitaka kwanza presha itulie, nayo ikakataa kutulia. Wakabaki na mipira na hofu. Mwezi mmoja Waweru alikata vibaya kitambaa cha mteja mara mbili kwa siku moja, nami nikaelewa kwamba huko nyumbani siku za mkewe zimechelewa. Zilikuwa zimechelewa tu, lakini alikonda ile wiki.

Jumamosi tulirudisha kochi la Membley. Mwendwa alitufungulia mwenyewe: jitu la mtu, ndevu tele, sauti ya kutikisa madirisha. Waweru akamkabidhi kadi yake, na badala ya kugeuka kwenda, akabaki amesimama.

"Mama yangu! Hii kadi nimeitafuta wiki mbili," Mwendwa akasema. Kisha akatutazama, akajua tumeisoma.

"Nisamehe, boss," Waweru akasema. "Sijawahi kusoma ya mtu. Hii nilisoma. Sasa nataka kuuliza."

Mwendwa alichungulia nje, akafunga mlango, akatuambia tukae. Miaka kumi na mmoja napeleka makochi, na hiyo ndiyo siku ya kwanza mtu kunikalisha juu ya mojawapo. Waweru aliuliza maswali mawili. Mimi niliuliza kama kumi na tano, na mengine siwezi kuyaandika hapa.

"Kila kitu iko," Mwendwa alinijibu bila kukasirika. "Raha iko, nguvu iko, hata maji iko. Ni mbegu tu haipiti. Siku ya tatu nilikuwa nimerudi kazi."

"Waambie pia vile ulilia!" mkewe akapaza sauti kutoka jikoni.

"Nililia kwa ile sindano ya ganzi tu."

Wiki iliyofuata Waweru na mkewe walikwenda kliniki. Mimi niliwasindikiza nikisema nakwenda kutafuta sponji Ruiru, jambo ambalo hakuna aliyeliamini. Muuguzi aliitwa Emmaculate, mama mnene mwenye kalamu tatu nyweleni. Nilipoanza kuuliza juu ya fahali hakunifukuza. Alichukua karatasi, akachora mirija miwili.

"Ng'ombe anatolewa korodani. Hapa korodani haziguswi kabisa, zinaendelea na kazi yao, na ndizo zinaweka ndevu na sauti. Tunatoboa ngozi kidogo, tunakata huu mrija na huu, tunafunga. Nusu saa haiishi. Unaenda nyumbani siku hiyohiyo, unapumzika, hubebi vitu nzito kama wiki moja."

"Na mbegu zinaenda wapi?" nikauliza.

"Mwili unazinyonya. Wewe ndiye mgonjwa ama ni yeye?"

Wangeci akacheka, mara ya kwanza siku hiyo. Lakini Emmaculate aliiweka kalamu chini.

"Sasa nisikizeni. Kuna watu wanarudi baada ya miaka wakitaka kufunguliwa. Kufungua ni kazi ngumu na mara nyingi mtoto hapatikani. Kwa hivyo muichukue kama ya maisha. Kuna mtu yeyote kule nyumbani bado anangojea mtoto kutoka kwenu?"

Waweru akamtazama mkewe. Wangeci akatazama sakafu. Emmaculate alizikusanya karatasi zake.

"Basi si leo. Endeni mmalizane na huyo mtu kwanza, halafu mrudi."

Huyo mtu alikuwa baba yake Wangeci, Mzee Gathogo wa Kalimoni. Ili uelewe, lazima nikueleze jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua miaka kulielewa. Kwa Wakikuyu mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya mume, na wa pili la baba ya mke. Wasichana vivyo hivyo kwa mama zao. Wala hawasemi mtoto amepewa jina la mzee. Wanasema mzee amezaliwa. Kwetu majina ni ya marehemu, na marehemu hana haraka. Hapa walio hai ndio wamepanga foleni, na kila mmoja anajua nambari yake.

Nyumbani kwa Waweru watatu walishazaliwa. Karanja ni baba yake Waweru. Cindy, kwa jina lake la Kikuyu, ni mama yake Waweru. Nyokabi ni marehemu mama yake Wangeci, na kwa sababu hiyo Mzee Gathogo humwita "mke wangu", humletea ndizi mbivu na kumwomba ruhusa kabla ya kuketi. Aliyebaki ni Gathogo peke yake. Wangeci ndiye mtoto wake pekee, kwa hiyo kama hatazaliwa kwa Waweru, hatazaliwa popote. Kila Krismasi huuliza mbele ya wageni, "Na huyu Gathogo, amekwama wapi?" Watu wote hucheka, naye Waweru hutazama sahani yake.

Nilimuuliza Waweru inakuwaje mzee aulize hivyo na anajua yaliyompata bintiye.

"Hajui," akasema. "Tulimwambia ni malaria. Baba haambiwi mambo ya uzazi ya msichana wake."

Nilikasirika, nasema ukweli. Mzee wa watu kila mwaka anaomba kitu kitakachomuua mwanawe, na nyinyi mnacheka kwa heshima! Nikamwambia aende akaseme.

"Niseme nini? Huyo ni muthoni wangu, Bara. Baba ya mke. Hata kiti chake sikalii. Nianze kumtajia mambo ya ndani ya suruali?"

"Tuma mjomba wako."

"Mjomba atatangazia kwetu Gatanga kote. Enda wewe. Ulisimama na mimi siku ya kupeleka mahari, anakujua. Na ukikosea atasema tu, ni mtu wa Bungoma, hajui mila."

Huo ndio ulikuwa ubora wangu. Alinipa masharti: niseme kwa adabu kwamba wameshauriwa wasizae tena, kwamba Waweru ndiye atakayetibiwa, na kwamba wanaomba baraka. Nisitaje kiungo. Nisitaje wodi. Nikakubali yote, kwa nia njema kabisa.

Nilifika Kalimoni na sukari, unga na mkate, nikamkuta mzee akilisha nyasi kwenye mashine ya kukatia lishe ya ng'ombe. Nilivua koti, nikaanza kumpokeza mafungu. Hilo lilinifaa, kwa sababu tulisimama bega kwa bega na hakuna aliyelazimika kumwangalia mwenzake. Nikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mara nimesalimia, mara nimesifu ng'ombe, mpaka nikafika.

"Unasema watamhasi?" mzee akauliza, akipandisha sauti juu ya mashine.

"Hapana, guka," nikasema, nikimwita babu kwa lugha yake. "Si hivyo." Na sharti la kwanza likavunjika hapo, kwa sababu ningeelezaje bila kutaja?

Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyomsikiliza Emmaculate.

"Sauti?"

"Inabaki."

"Nguvu ya kubeba makochi?"

"Inarudi baada ya wiki."

Alimtazama ng'ombe. "Na ile ingine?"

"Inabaki, mzee."

"Sasa nini inaenda?"

"Mbegu tu."

"Haiya! Watu wamesoma." Akataka kujua kama daktari wa mifugo anaifahamu, na mbona hajawahi kumwambia. Tukaendelea hivyo mafungu matatu au manne, nami nikaanza kujisifu moyoni. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na mimi nitazaliwa wapi?"

Nilikuwa nimeliandaa jibu tangu Kiganjo, sentensi nzuri zenye baraka ndani. Zote zikanitoroka.

"Kwetu, mzee," nikasema, "mtu hungojea akufe kwanza ndio apewe mtoto. Wewe bado uko. Haraka ya nini?"

Alilishusha fungu alilokuwa ameshika.

"Waweru amekutuma uniambie nikufe?"

"Hapana, guka! Si wewe. Ni Mama Karanja ndiye angekufa!"

Mzee Gathogo akaizima mashine.

Basi nikayasema yote, kila neno nililoahidi kutolisema. Wodi, presha, degedege, siku tatu, vikombe vya uji vilivyorudi vimejaa. Mzee aliketi juu ya kreti, mikono juu ya magoti. Nilipomaliza hakuniuliza kwa nini alifichwa.

"Miguu ilikuwa imevimba?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na akasema macho yanaona vimulimuli?"

"Ndiyo. Lakini mzee, umejuaje?"

Akaniambia. Mkewe, yule Nyokabi wa kwanza, alimzaa Wangeci kwa taabu kubwa, na mkunga akamwambia Gathogo aridhike na huyo mmoja. "Lakini baba yangu alikuwa bado hajazaliwa," mzee akasema. "Nikamwambia mama yake, mmoja tu, kijana, halafu tumalize. Sikumlazimisha. Nilikuwa namwambia tu, kwa mchezo, watu wakicheka. Kama vile namwambia Wangeci." Mimba ya pili ilipokaribia mwisho, Nyokabi alivimba miguu na kusema anaona vimulimuli. Alikufa na mtoto tumboni, naye mtoto alikuwa wa kiume. Wangeci alikuwa na miaka minne. Akaambiwa mama amekufa kwa homa.

Kwa hiyo baba alimwambia binti homa, na binti akaja akamwambia baba malaria, na wote wawili walifanya hivyo kwa kupendana.

"Hakuna mtu aliniambia mwanaume anaweza kwenda yeye," mzee akasema. "Hata sikujua ni kitu ya kuuliza."

Nami, kwa kuwa niliumbwa na ubaya huu wa maswali, nikauliza, "Na baba yako, guka? Alizaliwa?"

"Mpaka leo hajazaliwa. Miaka thelathini imepita. Hajawahi kuja kuniuliza." Akapangusa majani kwenye suruali. "Nyokabi huuliza."

Ng'ombe alikuwa akilia njaa, mzee akainuka akamjazia hori kwa mikono, kisha akanigeukia.

"Mwambie Waweru asinitafutie jina. Jina niko nalo. Mwambie aniwekee mtoto wangu."

Nilirudi Kiganjo nikiyarudia maneno hayo njia nzima nisije nikayaharibu na haya pia. Waweru alikuwa anangoja nje ya karakana, makasi mkononi.

"Ulimwambia nini?"

"Kila kitu ulikataa."

Nilidhani atanirushia yale makasi. Nikawahi kumpa ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno. Waweru aliketi kwenye kochi la watu lisilo na kitambaa, juu ya springi tupu, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata zile siku tatu. Nikaenda kupiga randa ubao ambao haukuhitaji randa.

Tulirudi Ruiru Alhamisi, na tukamkuta Mzee Gathogo ametangulia. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ameketi mwisho wa benchi la nje akitazama barabara, ili asimwone mkwe wake akiingia kwa shughuli ya namna hiyo. Waweru naye akapita ameinamisha kichwa. Heshima ikawa imekamilika pande zote mbili, na Wangeci akaenda kuketi na baba yake.

Mlangoni Emmaculate alimuuliza Waweru lile swali tena. "Kuna mtu nyumbani bado anangojea mtoto?"

"Alikuwako mmoja," Waweru akasema. "Ni yule hapo nje."

Emmaculate alichungulia benchi, akamwangalia mzee na koti lake, kisha akamwambia Waweru aingie.

Nilibaki karibu na benchi. Mzee alianza kuzungumza na bintiye kwa Kikuyu, polepole, macho bado barabarani. Najua Kikuyu cha kuuzia makochi tu, lakini nilisikia jina la Nyokabi mara mbili na nikajua si la mtoto. Nikaona Wangeci ameweka mkono mdomoni. Nikainuka nikaenda kusimama kwenye geti, mbali. Maisha yangu yote sijawahi kuondoka penye jambo ninalotaka kulisikia, na sitaki sifa kwa hilo, ila siku hiyo niliondoka.

Waweru alitoka hata sijamaliza chupa ya soda, akitembea kama mtu aliyevaa suruali mbichi. Mkononi alikuwa na kadi ya kurudi baada ya miezi mitatu, na alikuwa ameishika kwa vidole vyote kumi.

Mzee alisimama. Hakumtazama.

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza, baba."

"Sawa."

Tukaelekea barabarani, mimi na Waweru nyuma kwa mwendo wake wa kobe, wao wawili mbele. Magari yalikuwa mengi. Mzee Gathogo alinyoosha mkono bila kugeuka, akaushika mkono wa Wangeci, mwanamke wa miaka thelathini na minne, kama anavyoshikwa mtoto wa miaka minne akivushwa. Nimeishi na watu hawa muda mrefu na sijawahi kuona mzee wao akimshika mkono binti yake mtu mzima mbele za watu. Walivuka hivyo. Walipofika ng'ambo, ambako hakukuwa na gari tena, hakuuachia.